Ugali wa Ulezi Kwenye Hoteli ya Chipsi

Mimi si mtu wa hadithi. Hadithi ni za watu wenye nafasi ya kukaa, na mimi maisha yangu yote nimekuwa nimeinama shambani. Shule niliishia darasa la nne, nikajua kusoma barua na kuandika, basi. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue jambo lenyewe limenikaa kooni miaka mingi, halishuki wala halitoki. Lilinipata mchana, watu wakiwepo, na pombe nilikuwa sijaonja. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Ni miaka ile tuliyoiita ya ruksa. Maduka ya Sumbawanga, ambayo tuliyazoea yakiwa na rafu tupu na foleni ya sukari, yalianza kujaa sabuni za kila rangi. Mitumba ikamwagwa chini sokoni. Mabasi ya watu binafsi yakaanza kushindana kwenye barabara ya Tunduma, na huko njiani kila aliyekuwa na mabati kidogo na karai la mafuta akafungua hoteli, akaandika ukutani CHIPSI. Sisi wa zamani tulisafiri na chakula chetu: viazi vya kuchemsha, mahindi ya kukaanga, labda kuku wa kubanika aliyefungwa kwenye majani ya mgomba. Sasa ukipanda basi na kifurushi chako, vijana wanakucheka. "Bibi, hiyo ya nini? Tutakula hotelini."

Hotelini! Ngoja nikuambie hoteli zile.

Basi halisimami pale wewe unapoona njaa. Linasimama pale dereva anapopata kuku wa bure. Yeye na kondakta wanaingizwa chumba cha nyuma, pazia linashushwa. Wewe unapanga foleni kwenye dirisha la nondo, unalipa kwanza, unapewa kifuniko cha soda kilichopakwa rangi. Nyekundu ni chipsi, bluu ni wali. Na hicho kifuniko unakwenda kusukumana mlango wa jikoni, umekinyanyua juu kama mtoto anayeomba kujibu swali darasani. Viazi vinatolewa kwenye mafuta kabla havijaiva, ukiuma unasikia ko. Chai inaletwa ikichemka, makusudi, maana wanajua hutaimaliza. Safari moja nilikuwa naenda Mpui kwa dada yangu, nikaimimina ile chai kwenye sahani ipoe. Mhudumu akaninyang'anya sahani, eti sahani ni ya chipsi. Hujalamba hata kidole, honi hiyo. Watu wanakimbia. Na chakula ulichokiacha unadhani kinamwagwa? Kinarudi kwenye karai kungoja basi linalofuata. Kuna paja la kuku kwenye barabara ile, nadhani Wafipa wote tumelilipia, na hakuna aliyelila.

Lakini sikushika kalamu kulalamikia paja la kuku.

Nilikuwa na binti mmoja tu, Gaudensia. Wengine wote niliowazaa ni wanaume. Aliolewa huko Tunduma na fundi cherehani, kijana mpole, sina neno naye. Ilikuwa masika. Jioni moja kondakta wa basi lililotoka huko alikuja hadi kwangu Malangali, akasimama mlangoni na matope yake, hakutaka kukaa.

"Mama, Gaudensia amejifungua. Mtoto wa kike, mzima. Ila yeye mwenyewe damu haikatiki. Amesema uje."

Sikuuliza zaidi. Ningeuliza nini? Nilichota unga wa ulezi kwa ajili ya uji wake, nikautia kwenye mfuko wa kitambaa, nikaufunga kwa kipande cha kitenge, fundo langu mwenyewe ambalo hata wanangu linawashinda. Nikamfunga mtetea mmoja miguu. Chakula changu mimi? Hata hakikunijia akilini. Kabla hakujapambazuka nilikuwa stendi.

Mvua ilitukuta hatujafika mbali. Ile barabara ilikuwa udongo mtupu siku hizo. Basi lilizama, wanaume wakashuka kusukuma, likatoka, likazama tena. Kila lilipozama nilikuwa naona kitanda cha Gaudensia. Nilikaa kiti kimoja na Msukuma mmoja aliyeitwa Masanja, mtu mkubwa, mfuga ng'ombe, mmoja wa wale waliokuja na mifugo yao wakashukia Bonde la Rukwa. Alikuwa anakwenda Tunduma kutafuta wanunuzi. Maneno yake hayaishi.

"Shikamoo mama. Samahani nikuulize. Ninyi Wafipa si mnasafiri kwa ungo? Sasa umepanda basi kufanya nini?"

"Marahaba. Ungo wangu nimeuacha nyumbani unapeta ulezi."

Basi zima likacheka. Mimi sikucheka, lakini nilimshukuru moyoni, maana kwa dakika ile nilipumzika na kile kitanda. Nikamwambia naenda kwa nani na ana nini. Kisha akasema, "Tutafika, mama," akashuka kusukuma tena bila kuambiwa.

Laela tulipita ikiwa mchana. Mbele kidogo ya hapo, kwenye kijisenta ambacho sitakitaja, dereva akakata kona akasimama mbele ya hoteli yenye ukuta wa njano. Mvua inapiga mabati kama mtu anamwaga mawe. Nilikwenda hadi kwenye kiti chake.

"Baba, tafadhali. Nina mgonjwa. Tusogee."

"Mama, hata tumbo langu ni mgonjwa," akasema, akaruka chini, akaingia nyuma ya pazia lake.

Kondakta akatutoa wote, akafunga mlango wa basi kwa ufunguo. Mfuko wangu wa unga niliuacha juu ya kiti na mtetea chini yake. Kumbuka hilo, mlango ulifungwa.

Tangu jana yake mchana sikuwa nimetia kitu tumboni. Nikajiambia, ukifika pale ukaanguka mlangoni utakuwa mgonjwa wa pili, nani atamwangalia nani? Nikalipia wali maharage. Nikapewa kifuniko cha bluu. Nikasukumwa huku, nikasukumwa kule, mpaka nikafika mlango wa jiko. Walikuwa wahudumu wawili, vijana wa kiume, jasho linawatoka.

"Wali umeisha. Chukua chipsi."

"Nimelipia wali sasa hivi."

"Bluu imeisha, bibi. Nyekundu ipo."

"Basi nirudishie hela yangu."

"Hela ikishaingia dirishani haitoki. Hebu pisha wenzako."

Nikapisha. Nilikwenda kukaa kwenye benchi la mwisho, pembeni kabisa, karibu na mlango wa uani. Masanja akaja akakaa upande wa pili wa meza, na kifuniko chake chekundu mkononi, akikigongagonga mezani. Sikulia. Mimi silii mbele za watu. Lakini nilikuwa nimekaa pale na kifuniko cha soda kiganjani, mwanangu anavuja damu, dereva anatafuna kuku nyuma ya pazia, na nikaona kama dunia nzima imekuwa hoteli ya namna ile: umelipa, na cha kwako kimeisha.

Ndipo akaja yule dada.

Alitokea mlango wa uani, kitenge amejifunika kichwani kwa sababu ya mvua, kimeshuka mpaka juu ya macho. Pindo la nguo yake limelowa. Hakuniuliza kifuniko. Alipiga magoti pembeni yangu pale chini kwenye matope ya viatu vya watu, akaweka bakuli na jagi, akaninawisha. Maji ya moto! Wewe umewahi kunawishwa maji ya moto kwenye hoteli ya njiani? Mimi sikuwahi, wala sijapata tena. Kisha akafunua sahani, na ndani ya sahani ulikuwa ugali wa ulezi, mweusi, umelainishwa juu kwa mwiko uliochovywa maji, na maharage ya kuponda pembeni.

Sasa hapa nikueleze jambo, maana bila hili hutaelewa. Nilivyofunzwa na mama yangu, na nilivyomfunza wangu, anayekuletea chakula huonja kwanza mbele yako. Anamega tonge dogo, anachovya, anakula, ndipo anaigeuza sahani ili pale alipomega pasikuelekee wewe. Wanywa pombe wanaita kutoa sumu, na sote tunajua asili yake, Sumbawanga ni Sumbawanga. Na la pili, binti mwenye adabu akimpa chakula mtu mzima hamtazami usoni. Macho chini tangu anapoingia mpaka anapotoka. Mimi kwa hilo nilikuwa mkali. Gaudensia alipokuwa mdogo, akiinua macho wakati ananipa sahani nilikuwa namrudisha mlangoni aingie upya.

Yule dada akamega tonge, akachovya, akala.

Masanja akaruka. "Wewe dada! Unakula chakula cha mteja? Hii hoteli imezidi sasa!"

"Kaa chini," nikamwambia. "Hiyo ndiyo adabu. Nyie mmezoea maziwa."

Dada akaigeuza sahani. Moyo wangu ulilainika, nakuambia kweli. Nikajua huyu ni mtoto wa kwetu huko juu Sumbawanga, ameajiriwa hapa, na mwenye hoteli hajui ameajiri nini. Nikamkaribisha Masanja, maana mtu hali peke yake mbele ya mwenzake. Masanja akanyoosha mkono. Dada akaisogeza sahani, taratibu tu, upande wangu.

"Samahani kaka. Hiki ni cha mama peke yake."

Sauti yake ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyeshinda na kiu. Niliona haya. Ndilo kosa pekee la adabu alilofanya, nikajiambia labda chakula ni kichache, anaogopa nisishibe. Masanja akarudisha mkono, akawa anamtazama. Yeye kwao hawana hayo ya kuinamisha macho, anamtazama mtu kama anavyotazama ng'ombe wa kununua.

"Mama," akasema, "mbona mmefanana na huyu?"

"Ninyi Wasukuma mnatuona Wafipa wote sawa."

"Sio hivyo. Hapa, hapa kwenye kidevu."

"Masanja, kagombee chipsi zako."

Akacheka, lakini hakuondoka.

Nilikula. Ule ugali ulikuwa umesongwa ukasongeka, hauna hata kidonge kimoja cha unga. Maharage yalikuwa na chumvi kidogo, kama ninavyotaka mimi kwa sababu ya presha. Nilikuwa natafuna na kufikiria safari tu, nikikadiria matope yaliyobaki. Honi ikalia. Watu wote wakasimama na vifuniko vyao mikononi, matusi, viti vinaanguka. Nikataka kunyanyuka.

"Kula, mama," akasema yule dada. "Gari haliondoki."

Na kweli. Tulisikia dereva anapiga stata, inakoroma, inakata. Anapiga tena, inakata. Watu wakaanza kumzomea kule nje. Kuku amemlemea, wakasema. Nikakaa, nikaendelea. Yule dada alikuwa bado amepiga magoti pembeni yangu, hajainuka hata mara moja, na mimi nikaona ni vibaya kula nimenyamaza mbele ya mtoto mwema kama yule.

"Mwanangu, nani amekufunza kuandaa hivi?"

"Mama yangu."

"Basi mwambie mama yako alifanya kazi. Mwambie mtoto kama wewe hata mimi ningejivunia."

Mvua ilikuwa inapungua.

"Amesikia," akasema.

Nikadhani mama yake yupo huko jikoni, uani, anasikia. Ningedhani nini kingine? Nikameza tonge la mwisho. Akaninawisha, yale maji yalikuwa bado ya moto, akachukua sahani, akainuka, akarudi kinyumenyume mpaka mlango wa uani, macho chini, kama nilivyotaka siku zote. Alipotoka, mvua ikakatika. Na gari likawaka.

Ndani ya basi watu wote walikuwa na njaa na hasira. Mama mmoja aliyebeba mtoto akaniuliza, "Bibi, wewe ugali umeutoa wapi?"

"Nimeletewa."

"Na nani? Wahudumu si wale wakaka wawili?"

Nikamwona ana wivu wa njaa, nikageukia dirishani. Masanja naye hakusema kitu njia nzima. Mtu wa maneno vile. Hilo lilipaswa kunishtua, halikunishtua.

Tunduma tuliingia jua linazama. Masanja akanibebea mtetea mpaka njia panda, tukaagana. Nilipokata kona ya nyumba ya mkwe wangu niliona wanaume wamekaa kwenye mabenchi nje. Moto umewashwa. Mkwe wangu akaja kunipokea mfuko. Alifungua mdomo aniamkie, shikamoo haikutoka. Akaushika ule mfuko kifuani kama mtoto, akabaki hivyo.

Sasa, wewe unayesoma, nikueleze nini? Nilikwenda, nikafika, nikachelewa. Alikuwa amelazwa kwenye mkeka, amefungwa kidevu. Walikuwa wameshamwosha.

Jirani yake, Mama Rehema, Mwislamu mmoja mwenye moyo, ndiye aliyekuwa naye mpaka mwisho. Alinishika mkono akanieleza. Alisema tangu mchana Gaudensia alikuwa amelala kimya, macho amefumba, wakadhani ni usingizi, wakafurahi. Mvua ilikuwa kubwa. Halafu akauliza, bila kufumbua macho, "Mama amekula?"

"Tukamwambia mama bado yuko njiani, hajafika," alisema Mama Rehema. "Mara nyingine tena, 'Mama amekula?' Tukamwambia atakula akifika, tulia. Basi mvua ilivyokatika tu, akasema mwenyewe, 'Amekula.' Kama mtu aliyetua mzigo. Ndiyo ikawa mwisho."

Nilisikia maneno yale na bado sikuelewa. Huzuni inamfanya mtu awe kama gogo. Nililala pale chini pembeni yake. Wanawake wakasema bibi apikiwe uji, ametoka safari, hajala. Nikasema nimekula. Wakasema hata hivyo. Wakauleta mfuko wangu wa ulezi ili wachote, na fundo likawashinda, wakaniletea nilifungue mimi.

Fundo lilikuwa langu, halijaguswa. Nilifungua. Nilikuwa nimeujaza ule mfuko mpaka shingoni, nikausawazisha kwa kiganja. Sasa ulikuwa umechotwa. Umechotwa kiasi cha ugali wa mtu mmoja. Na kwenye unga, pale palipochotwa, ilikuwepo alama ya mkono: vidole vinne vimezama, na kile kidogo cha mwisho kimekwenda pembeni, kimepinda.

Gaudensia alivunjika kidole hicho kwenye kinu akiwa msichana mdogo. Hakikunyooka tena.

Hapo ndipo nilipolia mbele za watu. Sikumlilia kufa tu. Nililia kwa sababu alikuja, alikaa pembeni yangu muda wote ule, magotini, kwenye matope, na mimi nilimwona pindo la nguo na mikono. Uso sikuuona. Adabu niliyomfunza mimi mwenyewe ndiyo iliyonificha uso wake. Na lile neno la kujivunia, ambalo sisi wa zamani hatumwambii mtoto mbele yake asije akavimba kichwa, nililisema mara moja tu maishani, na nililisema nikidhani namwambia mtoto wa mtu.

Unga ule ulipikwa uji wa msiba. Sikunywa.

Baada ya matanga nilirudi na kitoto mgongoni, maana baba yake angekilisha nini? Basi likasimama pale pale, ukuta wa njano. Niliingia moja kwa moja jikoni, hakuna aliyethubutu kunizuia. Nikamuuliza mwenye hoteli, mwanamume mmoja mnene, yule dada wa ugali wa ulezi yuko wapi.

"Ulezi?" akasema. "Bibi, hapa ni hoteli ya chipsi, si kilabu cha pombe. Na sina mfanyakazi wa kike, wanawake wanazaa zaa wananiharibia kazi."

Nikatazama mwenyewe. Karai la mafuta. Sufuria la wali. Ndoo ya viazi vilivyomenywa, maji yake meusi. Mlango wa uani unatokea kwenye ukuta, hakuna nyumba, hakuna jiko lingine. Niamini, mle ndani hakukuwa hata na mwiko.

Masanja nilimtafuta. Ilinichukua muda, maana watu wa ng'ombe hawakai. Nilikuja kumpata mnadani, kiangazi, vumbi tupu, amesimama kati ya ng'ombe wake. Aliponiona akavua kofia kabla sijasema kitu. Nikamwambia binti yangu alifariki siku ile. Akasema, "Najua, mama. Nilijua ndani ya basi, yule mama aliposema wahudumu ni wakaka wawili tu, ila sikuwa na ujasiri wa kukuambia."

Nikamuuliza jambo moja tu. Wewe ulimtazama. Alikuwaje usoni?

Mtu mzima yule aliangalia chini kwanza.

"Pale ulipokuwa unakula, mama, alikuinulia macho. Kila ulipoinamia sahani, alikuwa anakutazama. Ukiinua uso, anayashusha. Hakuwa analia. Alikuwa kama mtu anayemtazama mtoto wake akila."

Hayo ndiyo niliyopewa. Nimeishi nayo.

Mjukuu wangu amekua. Ananiandalia chakula akiwa amesimama na kunitazama machoni, na anacheka, na wakati mwingine anaimba. Majirani wa Malangali wanasema bibi yule mkali amezeeka, ameshindwa kulea, mtoto hana adabu. Waache waseme. Kuonja anaonja, hilo nimelibakiza. Ila siku alipopiga magoti akainamisha uso, kwa sababu aliona kwa wenzake, nilimfokea mpaka akaogopa. Kisha nikamwomba radhi, na mimi siwaombi watoto radhi. Na kila jioni akimaliza kupika namwambia umepika vizuri, hata kama ameunguza.

Hotelini sili. Barabara siku hizi ni ya lami, na hoteli zina vioo na vigae, na bado wanasukumana vile vile. Mimi nakaa ndani ya basi na viazi vyangu.

Na wewe unayesafiri kwenda kwa mgonjwa wako, nakuonya, tena kwa ukali. Huko njiani, mahali ambapo kila mtu anasukumwa na kutukanwa, ikitokea mtu akakupigia magoti, akakunawisha maji ya moto, akakupa chakula ambacho hujaagiza, usikimbilie tonge. Mshike kidevu. Mwinue uso umtazame. Mwite kwa jina la yule unayemwendea, umwambie yote uliyokuwa unamwekea kwa siku nyingine. Usihofie gari, gari litasubiri. Mimi lilinisubiri, na muda wote ule niliutumia kutafuna.